Ushahidi wa Mbuzi

Karani hakuinua kichwa.
"Matrikule?"
Nikasema sina. Kule msituni tulihesabiwa kwa jicho,
alfajiri, wakati wa maji ya dawa,
na aliyekosekana
alijulikana kwa pengo lake katika mstari.

"Karatasi ya komanda?"
Komanda Ndoole hakujua kuandika.
Alijua kuita jina la mtu
hadi mtu huyo asimame,
hata kama miguu imekwisha kukataa.

"Tarehe ya kuingia."
Maharagwe yalikuwa yametoa maua.
Akaandika mwaka aliouchagua mwenyewe.

"Tarehe ya kutoka."
Hapo nilikawia.
Mke wangu hulala upande wa ukuta,
ameweka mto katikati yetu,
ili nikishtuka usiku ngumi ikutane na pamba.
Sikumwambia hilo. Nilisema:
baada ya mlima kutema moto.

"Ah," akasema, na sasa akanitazama.
"Orodha za zamani, zile mlizotia vidole,
zilikuwa katika biro ile ya kwanza."
Akagonga sakafu kwa kisigino. "Ziko huku."
Nikatazama ndara zangu.
Kumbe miaka yote hii, nikisukuma chukudu
yenye magunia ya makala kuteremka Goma,
nyonga ikilia kwa kila jiwe,
nimekuwa nikilikanyaga jina langu,
limelala chini ya mwamba mweusi,
limeiva.

"Basi lete mashahidi wawili. Walio hai."
Alivyotamka *walio hai*
ungedhani anaagiza picha mbili ndogo.

Bauma yuko Mushaki, chini ya migomba ya mjomba wake.
Kibanja tulimwacha mtoni, hatukurudi.
Mahamba yu hai. Ana duka la simu kule Katindo,
ana kitambi, ana kiti kinachozunguka.
Nilimtajia wimbo tuliokuwa tukiuimba kwa njaa.
"Baba," akaniambia, mimi niliyempita kwa miezi miwili,
"umekosea mlango."
Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni.
Najua kwa nini. Una vidole vitatu.

Nikabaki na Kanyere.
Anauza sambaza Birere, kwa kopo.
Nimekuwa nikizunguka njia ndefu miaka kumi na tisa
nisipite mbele ya meza yake.
Siku ile nilipita. Nikasimama.
Hakushangaa. Alifunga kopo kwa kitambaa,
akamwachia binti yake meza, akanifuata.

"Unamjua huyu?"
"Namjua. Alikuwa na bunduki na kikohozi.
Alichukua mbuzi wangu kwenye barriere,
jike, mweusi, mwenye mimba.
Akasema ni mchango wa nchi."
"Alipigana vita?"
"Hilo sikuliona. Nilimwona akila."

Karani aliweka kalamu chini.
Mimi nilikuwa nikihesabu vigae vya dari,
kimoja kimevunjika, maji yamechora ramani.

"Lakini usiku walipokuja wale wengine,"
akasema Kanyere, bila kunigeukia,
"kijiji cha juu kilichomwa, cha chini kilichomwa.
Kwetu mlio wa risasi ulikaa njiani mpaka kukacha.
Asubuhi huyu alikuwa amekaa kwenye matope,
nyonga imefunguka, anaomba maji.
Nilimpa.
Andika yote mawili."

"Mama, fomu ina mstari mmoja."
"Basi andika kwa herufi ndogo."

Akatia kidole. Wino ulibaki kwenye magamba ya samaki
yaliyoganda pembeni ya ukucha.
Shahidi wa pili bado, karani akasema. Rudi Alhamisi.

Nje mvua ilikuwa inajipanga upande wa ziwa.
Nilitaka kusema neno, likanikaa kooni
kama mfupa wa mnyama ninayemjua.
"Pesa ikitoka..." nikaanza.
"Mbuzi," akasema.
"Mbuzi."
Alikuwa amekwisha kuvuka barabara
alipogeuka na kupaza sauti, watu wote wakasikia:
"Mwenye mimba!"